Aliyekula Senene wa Buberwa

KITUO CHA POLISI, BUKOBA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Alistidia, mke wa Buberwa
Umri: Miaka 28
Kazi: Mkulima wa migomba na kahawa
Makazi: Karibu na Muleba, barabara ya Biharamulo
Tarehe: 3 Desemba 1951, saa 4:15 asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kwa lori la kahawa, bila kuitwa, kwa ajili ya Privatus, fundi wa kuezeka. Yuko mahabusu tangu Jumamosi kwa kosa la kuiba senene wa mume wangu. Privatus hakuiba. Namjua aliyewala.

Mnamo tarehe 27 Novemba, siku ya Jumanne, senene walianguka kwetu alfajiri. Sisi wanawake tulikwenda kuwaokota kwenye nyasi wakiwa bado wamelowa umande. Nilinyonyoa mabawa na miguu mpaka adhuhuri, nikawakaanga, nikajaza chungu kimoja. Mume wangu alikiweka juu ya dari ya jikoni akingoja wageni wake wa Jumapili.

Koplo Zahoro ameniuliza kama mimi nilionja. Yeye si mtu wa huku, kwa hiyo namweleza. Kwetu mwanamke huokota senene, huwanyonyoa na kuwakaanga, lakini hawali. Akila, husemwa atazaa mtoto mwenye kichwa cha senene. Kwa kazi hiyo mume humpa nguo. Mimi nina kanga tisa kutoka duka la Chimanlal, moja kwa kila mwaka wa ndoa, na zote nzuri. Lakini kanga hailiwi.

Chumvi nilikuwa nikiikisia kwa pua. Kila mwaka mume wangu alisema, "Chumvi imezidi." Nami kila mwaka nilinuna, nikidhani ana makuu.

Tarehe 29, Alhamisi, saa nane mchana, Privatus alikuwa amemaliza kuezeka paa la jikoni letu na kwenda zake. Mume wangu alikuwa kwa rafiki yake akinywa rubisi. Nilipanda juu ya kinu, nikashusha chungu. Sikuwa na njaa, nilikuwa nimeshakula ndizi na maharage. Nilitamani. Koplo, andika hivyo hivyo, kwamba nilitamani, na kwamba nimetamani miaka tisa.

Nilikula mmoja. Nilikaa kidogo, nikajipapasa kichwa changu mwenyewe, nikakikuta kile kile. Nikala wa pili. Ni watamu jamani, waitu. Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu. Na chumvi kweli ilikuwa imezidi. Miaka tisa mume wangu alikuwa akisema kweli.

Hapo akaingia mtu mwingine, ambaye sitamtaja. Nilidhani nimekwisha. Aliniangalia, akaangalia chungu, akavuta kigoda. Akasema, "Sogeza huku." Tulikula mpaka tukaona udongo wa chungu. Koplo ameniuliza jina lake mara tatu. Simtaji.

Tarehe 1 Desemba, Jumamosi, saa tatu asubuhi, mume wangu alikuta chungu kitupu, akamwita mkungu, yaani mkuu wa kijiji chetu. Mkungu akauliza, "Wanaume wangapi wameingia humu wiki hii?" Mume wangu akajibu, "Ni mimi na Privatus." Basi, kesi ikaishia hapo. Nilikuwa nimesimama mbele yao na kuni mikononi, hakuna aliyenigeukia. Nami nilinyamaza, maana niliogopa kurudishwa kwetu Kashozi na kuwaacha wanangu. Nimeona aibu tangu wakati huo, kwani Ta Privatus, kama tunavyomwita kwa heshima, ana watoto pia.

Kwa hiyo mwizi ni mimi, kama mtu anaweza kuiba alichookota mwenyewe. Hilo waamue wenye sheria. Nikibaki kwa mume wangu, msimu ujao nitaonja kabla ya kuepua.

Sina la kuongeza wala la kupunguza. Nimesema kwa hiari yangu na ninatia sahihi kwa mkono wangu.

(Sahihi) Alistidia

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea shahidi, amekubali yote. Saa 5:40 amefika mlalamikaji Buberwa akimtafuta mkewe, pamoja na mama mzazi wa Buberwa, Penina, miaka 66. Mama huyo amedai maelezo haya yana upungufu, kwa kuwa mtu wa kigoda ni yeye, na aliyekula wengi ni yeye. Ametoa kidole gumba kabla sijaleta wino. Anasema amekaanga senene tangu akiwa bibi harusi.

Mlalamikaji amefuta mashtaka. Privatus ameachiwa saa 6:00 mchana. Mlalamikaji amewauliza swali moja tu, kama chumvi ilitosha. Mke na mama wamejibu kwa pamoja kuwa ilizidi.

Koplo Zahoro