Nilivyomlipa Clive Tranter Kilimani Bryncott

Nyumba ya Pear Tree,
Leominster,
Uingereza.
16 Septemba, 2013.

Mpendwa shemeji Emlyn,

Hujambo huko New Zealand? Mkeo Ngaire naye, goti lake limepona? Mimi mzima, ila mgongo unauma kwa kulala chini ya gari. Moyo ndio umetulia leo, kwa mara ya kwanza tangu tumzike mume wangu, kaka yako Hedley. Kaa kitako nikusimulie, maana habari hii ni yako pia.

Unakumbuka mbio za mwisho za Hedley pale Bryncott, zile za kupanda kilima gari moja moja, kushindana na saa. Lile gari aliloliunda mwenyewe bandani, akalitia injini ya gari la posta lililopinduka, lilizunguka kwenye kona ya juu likaishia shambani kwa kondoo. Hakuligusa tena. Aliniambia, "Glenys, mikono yangu imekwisha." Na alikufa akiamini hivyo, Emlyn. Bingwa wa kilima kile, kafa akijiona hafai.

Sasa sikia. Kwenye chakula cha klabu cha mwaka mpya, Clive Tranter alikunywa pombe ya matufaha mpaka ulimi ukalegea. Huyu ndiye aliyekuwa wa pili nyuma ya Hedley kila mwaka, na ndiye aliyejitolea kuliandaa gari siku ile kwa kuwa Hedley hakuweza tena kuinama. Akawaambia wa mezani kwake huku anacheka, "Yule mzee nilimlegezea shokapu za nyuma mpaka mwisho! Utani tu, jamani." Hakujua nimesimama nyuma yake na sahani ya keki. Kumbe ndiyo maana gari lilizunguka! Nilirudi nyumbani nikalia kwa hasira, halafu nikavaa ovaroli.

Baridi yote ile nilishinda bandani. Gari tulikuwa tunapokezana, Hedley na mimi, lakini springi alizipanga kwa uzito wake, na unajua kaka yako alivyokuwa pande la mtu. Nikapakia magunia ya viazi kitini yenye uzito wangu, nikaweka mizani ya bafuni chini ya kila gurudumu, nikazungusha pete za springi, hii juu, ile chini, mpaka gari likakaa sawa. Shokapu, zile zinazotuliza springi, nikaziacha laini kiasi, si legevu kabisa kama alivyofanya Clive, maana lami ya Bryncott imeinuliwa na mizizi, na gari gumu pale linarukaruka kama mbuzi. Lakini nenda ukawaambie wale wanaume! Kwao gari likikuvunja kiuno ndiyo la mashindano.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Asubuhi, kwenye majaribio, nilimwacha Clive mbali. Akaja na kile kikofia chake. "Ala, Bi Glenys! Au leo kilima kimelala?"

"Kimelala, Clive. Kakibembeleze na wewe, huenda kikakuonea huruma."

Watu wakaangua kicheko, uso ukamwiva.

Nilijua atachungulia. Ana tabia hiyo miaka nenda rudi. Wenzake wakienda kula, yeye anapiga magoti kwenye magari yao, anazungusha vile vidude vya shokapu na kuhesabu vinavyolia tik, tik, kisha anaenda kuiga kwenye lake. Hedley alikuwa anasema, "Mwache, anajifunza." Basi saa ya kula ilipofika nikavikaza vyangu vyote mpaka mwisho, nikaliacha gari wazi. Nikanunua mkate wa bekoni nikaula dirishani mwa mkahawa polepole, nikimtazama anavyoinama. Aisee, sijawahi kula kitu kitamu vile! Alipokwenda kukaza la kwake, mimi nikarudi nikalegeza langu.

Alipanda kabla yangu. Kwenye kona ya juu gari lake lilidunda, likateleza, likajichomeka kwenye marobota ya majani. Hakuumia hata ukucha, na wala sikuwa nimemwombea usalama. Mimi nikapita palepale bila kutikisika, na kombe likarudi kwetu kina Prosser.

Utamu wenyewe bado. Jioni alinifuata nikifunga gari kwenye trela. Mtu mzima, kikofia mkononi. "Glenys, sielewi. Wewe umeniona nikiendesha miaka yote. Niambie ukweli, ni gari au ni mimi?"

Neno moja lingemponya, shemeji. Nilikuwa nalo mdomoni. Nikamshika bega kwa upole, nikamwangalia machoni.

"Ni wewe, Clive," nikamwambia. "Ni uzee."

Leo asubuhi nimesikia analiuza gari lake.

Msalimie sana Ngaire, na binti yenu Tegan umbusu kwa niaba yangu. Mungu awatunze nyote. Na kama Mungu ana neno na mimi kuhusu hili, nitamjibu nikifika kwake, lakini kwanza anipe nafasi nimweleze Hedley.

Ni mimi shemeji yako, niwapendaye kama ndugu wa damu,

Glenys Prosser