Ile Shabaha Nyeupe

Alder Creek, Montana
Jumapili ya mwisho ya Mei

Kaka yangu Lyle,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Alaska, na kwamba baridi ya huko kwenye visima vya mafuta imeanza kukuonea huruma. Huku hatujambo. Mkeo Joleen hajambo, mbwa wako amenenepa kwa uvivu, na duka alilotuachia mama linafunguliwa kila asubuhi, ijapokuwa tangu yule kijana aje na bunduki mwezi wa Februari, mlango ukigongwa tu moyo hunienda mbio.

Ulisema nikitaka kuuza peke yangu jioni, lazima bastola uliyoniachia ikae chini ya kaunta, la sivyo duka tuliuze. Nikakujibu kwamba kwanza nijifunze. Basi jana Wanda, yule msusi, alinipeleka kwenye shimo la zamani la kokoto, wanakoshindana kupiga shabaha huku wakikimbia.

Kaka, pale ni kama ndotoni. Kabla ya zamu zao, watu wazima na akili zao hupita kati ya kuta za mbao wamenyoosha kidole badala ya bastola, midomo ikichezacheza, wakikariri watasimama wapi na watapiga ipi kwanza. Nilimwona fundi wetu wa mabomba akilizunguka pipa, macho ameyafumba nusu, mithili ya mtu anayetembea usingizini. Nilicheka, kisha nikajikuta nami nimenyoosha kidole changu. Upepo ulinukia nyasi changa, na kwa kuwa nilikuwa nimeziba masikio, kila kitu kilionekana kiko mbali, hata mikono yangu mwenyewe.

Shabaha zimekatwa kwa umbo la mtu, na za kahawia ndizo za kupigwa. Nyeupe ni mateka, mtu asiye na hatia, na risasi yako ikimgusa unakatwa alama. Mzee Norbert, msimamizi, alinielekeza taratibu kama anayembembeleza farasi: ninapokimbia kidole kikae mbali na kifyatulio, na mdomo wa bastola usigeuke nyuma, vinginevyo nitatolewa mashindanoni. Wanda akanitania nisihofu, hata wa mwisho hupewa chakula.

Mzee akaniuliza kama niko tayari. Kisaa chake cha kupimia muda kikalia. Baada ya hapo sina ninalokumbuka ila utulivu mtamu, kana kwamba naelea, na ganda moja la risasi liking'aa polepole hewani. Nilipoambiwa nionyeshe bastola tupu nilikuwa natabasamu. Nilijua nimefanya vizuri. Mikono haikutetemeka hata kidogo.

Tulipokwenda kuhesabu matundu, Mzee Norbert alisimama kwenye shabaha ya mwisho, ya kahawia iliyofichwa nusu na nyeupe. Ile ya kahawia haikuwa na kitu. Nyeupe ilikuwa na matundu mawili kifuani, yamekaribiana mno. Nikabisha. Nikasema hiyo sikuilenga kamwe, labda ni ya aliyetangulia. Wanda akasema, "Shoga, mateka umemuua, tena kwa ustadi," na wote wakacheka, maana kila mmoja wao alishawahi kumuua wake. Nilicheka nao. Kisha nikaenda nyuma ya gari nikalia.

Sasa nikwambie tulichokuficha. Siku ile ya Februari sikuwa peke yangu. Joleen alikuwa amekuja kuchukua mkate, na yule kijana alipotoa bunduki, wifi yangu alikuwa amesimama kati yetu, bega lake limemficha kijana nusu. Nilitoa pesa, kijana akaenda zake, hakuna aliyeguswa. Joleen alinisihi nisikwambie, kwani ungeacha kazi ukaja mbio. Jana nilipomsimulia habari ya yale matundu mawili aliniambia nikuandikie.

Bastola nimeifungia kabatini, na itatoka siku za mashindano tu. Nitarudi kule, kaka, sikufichi, ile hali ya kuelea nimeipenda. Ukiamua duka liuzwe, liuzwe. Lakini bastola chini ya kaunta haitakaa. Mikono yangu ilitulia kabisa, na bado sikumwona aliyesimama mbele.

Wasalimie wenzako wote wa kambini. Joleen anasema atakuandikia mwenyewe kesho. Yuko hapa jikoni anapasha supu, mzima.

Mdogo wako akupendaye,
Verna