Ruhusa ya Kwenda Nje

Jumatatu, tarehe 6 Januari

Kwako mwalimu mpwa wangu, Kasuku wetu,

Salamu nyingi, nyingi kuliko vumbi la mbao lililo kwenye nywele zangu saa hii. Mimi mzima, mgongo tu unalalamika, lakini mgongo wangu ulizaliwa mlalamishi. Hofu ni kwako uliye mbali. Unakula? Chumba ulichopewa hakivuji? Mama yako anasema umekabidhiwa darasa la nne, watoto hamsini na wawili, na mnafungua Jumatatu ijayo. Nikacheka. Hamsini na wawili ni nini? Mimi niliwahi kunyamazisha mia mbili kwa kukohoa tu.

Sasa sikiliza, maana madawati ya shule saba yametoka mikononi mwangu, na dawati halimfichi fundi siri. Kabla hawajaja, kaa kwenye kila kiti, kimoja kimoja, utazame ubao. Kuna viti ambavyo jua likipiga, ubao wote unakuwa mng'ao mtupu. Mtoto ataitwa mjinga kumbe dirisha ndilo jinga. Halafu pitisha mkono chini ya mbao. Palipokwaruzwa kwa kucha, hapo ndipo woga huketi. Usimweke hapo mtoto mnyonge. Na siku ya kwanza usipige kelele. Ukianza na sauti ya juu, Desemba utamalizia na nini, tarumbeta?

La mwisho ndilo kubwa. Siku hiyo hiyo ya kwanza, msimamishe yule wa nyuma kabisa asome mbele ya wote. Mimi ndivyo nilivyofanyiwa. Nikasoma ukurasa, nikageuza, nikasoma tena, mpaka mwalimu mwenyewe akavuta kiti akakaa asikilize. Darasa kimya! Ndiyo maana niliacha shule mapema: hawakuwa tena na cha kunipa.

Karakana bila mdomo wako imepooza. Napiga randa, hakuna wa kuniuliza "kwa nini?" mara mia.

Ni mimi mjomba wako, Fundi wa Mafundi.


Alhamisi, tarehe 16 Januari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili ni ya mgongo wako. Mimi sijambo, chumba hakivuji, ila nikiamka asubuhi hunusa nikitafuta harufu ya gundi yako. Siipati, ndipo nakumbuka niko wapi.

Viti vyote nilivikalia. Ulisema kweli, safu ya nyuma upande wa dirishani haioni kitu, nimeisogeza. Sauti nimeishusha mpaka mwalimu mkuu akaniuliza kama naumwa koo.

Lakini ule ushauri wa mwisho, mjomba! Nyuma kabisa alikaa msichana mrefu, wenzake wanamwita Ngazi. Nikamsimamisha. Akashika kitabu, akakitazama, akakitazama. Mmoja akasema, "Mwalimu, ngazi haisomi, inapandwa!" Darasa likaangua kicheko. Akaweka kitabu taratibu, akatoka. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Leo kwenye mahudhurio nimemwandikia sufuri ya tatu.

Nifanyeje? Na madawati yangu mengi ni mabovu. Njoo uyatengeneze, nami nikuone.

Mpwa wako, Kasuku.


Jumatano, tarehe 22 Januari

Kasuku,

Marahaba. Mimi mzima. Kuhusu huyo msichana, usijali, mtoto wa shule ni kama paka, atarudi mwenyewe. Kuja siwezi. Mkubwa mmoja, jina nimekatazwa kulitaja, ameagiza meza ndefu kiasi kwamba wakishakaa, wa huku itabidi amwandikie wa kule barua kama hizi. Nakutumia misumari.

Mjomba wako, Fundi.


Jumamosi, tarehe 1 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Misumari imefika. Hukuniuliza kama nakula, wala kama chumba kinavuja. Wewe hujawahi kuwa mfupi wa maneno, ndiyo maana sasa hofu ni kwako.

Hajarudi. Sufuri kumi na nne. Mwalimu mkuu kaniambia, "Mwisho wa Februari, asipoonekana, jina lake lipige mstari kwa rula." Mimi ndiye niliyemtoa darasani, mjomba, na mimi ndiye nitakayeshika hiyo rula. Kila nikimfikiria najiambia mwalimu wa namna hii bora arudi kwao.

Nikuulize neno, usikasirike. Madawati ya shule saba, mbona yote huyashushia getini? Siku ya mahafali yangu ulisimama nje, ukasema viatu vinakubana. Mjomba, ulikuwa umevaa kandambili.

Mpwa wako.


Jumapili, tarehe 16 Februari

Mpwa wangu,

Unakula? Chumba hakivuji? Mimi mzima. Barua hii nimeianza mara nne, tatu nimewashia moto wa kuyeyushia gundi.

Ule ushauri wa mwisho ulikuwa uongo. Nimeusimulia miaka arobaini, hata mimi nilishaanza kuuamini. Mwalimu hakuvuta kiti. Nilishika kitabu kichwa chini miguu juu, na wenzangu wakaona kabla yangu. Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Nikasema, mwalimu, naomba ruhusa kwenda nje. Akasema nenda. Basi ndiyo ruhusa niliyonayo mpaka leo.

Nyumbani sikusema kitu. Kila asubuhi nilivaa sare, nikapanda ukuta ulioko ng'ambo ya barabara, dirisha la darasa letu likiwa mbele yangu. Nilisikia mahudhurio yakiitwa. Jina langu likifika, mwalimu aliliita, akanyamaza kidogo, akaendelea. Nami huko ukutani najibu "nipo" kimoyomoyo. Nilijua siku moja atachungulia tu. Wiki tatu. Halafu asubuhi moja akaita jina la kabla yangu, akaita la baada yangu.

Siku hiyo nilishuka nikaenda kushika randa. Kusoma nimejifundisha kwenye maboksi ya misumari na vipande vya magazeti ya kufungia. Hadi leo nikipewa gazeti zima natafuta palipochanika.

Sasa nenda kamtafute. Usiende na kitabu. Mwambie tu kwamba jina lake bado linaitwa. Kosa si lako, wewe ulimwamini mjomba. Na usirudi huku kwa ajili hiyo. Nakutaka mno urudi, ndiyo sababu nakuambia usirudi.

Mjomba wako aliyekudanganya.


Ijumaa, tarehe 28 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nakula, chumba hakivuji, na barua yako imelainika kwa kukunjuliwa.

Nilikwenda kwao. Alikuwa anaanika nguo, aliponiona akajificha nyuma ya shuka. Nilimwona miguu tu. Basi nikaliambia shuka: "Kila asubuhi nakuita. Nanyamaza, nasubiri, ndipo naita anayefuata." Nikaaga.

Jumanne nilipofika jina lake nikanyamaza kama kawaida. Nyuma huko sauti ikasema, "Nipo." Mjomba, nilishindwa kuita linalofuata.

Hajasoma mbele ya mtu bado, wala simwambii asome. Kila Jumapili nitakwenda kwao, tutasoma wawili tu, mlango tumeurudishia. Yule mtani nimempa kazi ya kufuta ubao. Hafiki juu, ikabidi amwombe Ngazi. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kupiga mstari. Rula nimeirudisha kabatini.

Dawati lake linayumba, anakaa ameegemea upande mmoja. Nami nina hamu nawe. Njoo, hata kwa kandambili.

Mpwa wako, Mwalimu Kasuku.


Jumapili, tarehe 9 Machi, juu ya meza yako darasani

Mwalimu,

Nimekuja. Nimechagua siku isiyo na watu, utanisamehe. Jirani yako kasema umekwenda kumsomesha msichana wako, nikamkataza kukuita. Ningependa kukuona, tena sana, lakini yeye amekusubiri kuliko mimi. Basi linaondoka saa kumi.

Getini nilisimama muda mrefu hata mlinzi akaniletea kiti. Madawati niliyotengeneza ni kumi na moja. Watu nitawaambia arobaini, wewe ujue kumi na moja. La msichana haliyumbi tena, na chini yake nimepiga msasa, hakuna alama ya kucha.

Nilipomaliza nikaenda nyuma kabisa, dirishani, nikajipenyeza kwenye dawati, magoti yakagota mbao yake ya juu. Ulikuwa umesahau mahudhurio mezani, sikuyagusa. Nikakaa. Kisha, sijui kwa nini, nikasema kwa sauti: "Nipo, mwalimu!"

Mlinzi, aliyekuwa ameshasahau kuwa nimo, akaja mbio na rungu. "Nani huko?"

"Mwanafunzi."

Akazitazama mvi zangu, akalitazama dawati. "Mzee, mbona umechelewa hivi?"

Nikamwambia, "Nilikuwa nimeomba ruhusa kwenda nje."

Mjomba wako.