Mi Ndiyo Walii

Jumapili, 11 Februari 2024

Mi Hamimu, miaka themanini na moja. Nimeishi kuliko mwami, mufalme yetu, kuliko bibi wawili niliooa, kuliko mutoto yangu Massoudi, kuliko vita yote na magari yote niliyonyoosha bodi katika Buyenzi hii. Tolie, fundi ya bodi, namba moja! Gari ikibondeka Rumonge, waliivuta mupaka kwangu. Masomo sikufika mbali, lakini kuandika naandika. Nyumba iko kimya sana.

Leo Assia amekuja, binti ya marehemu Massoudi. Miaka kumi na nane. Ameleta wali na samaki ndogo, ndagala, amekaa, amelia. Anataka kuolewa na Vainqueur, kijana ya Wakongomani, anatengeneza simu sokoni. Mukristo! Anasema kijana atasilimu kwa roho yake. Baba mudogo yake, Shakuru, anataka apewe Ilias mwenye duka ya vipuri, kabla ya Ramadhani. Lakini baba yake amekufa. Basi walii ni mi, babu. Bila kinywa changu apana ndoa — si ya huyu, si ya yule.

Nimesema: nitafikiri.

Jumanne, 13 Februari

Shakuru! Mutoto yangu mwenyewe, anakaa hapa tu karibu, tangu Idi sijamuona. Leo amekuja na sukari, mukate, nyama. Amekaa mupaka magaribi.

Anasema, Papa, sema tu ndiyo, Ilias ni mutu ya swala, watu wanatucheka, binti anaonekana barabarani na Mukongomani. Nimemwambia nyama hii iko na mufupa mingi. Akasema nitaleta ingine.

Nimesema: nitafikiri.

Jumamosi, 17 Februari

Nyumba imejaa! Wamama wa kartie, wa mutaa yetu, wamekuja kunishauri. Mumoja anasema, ukimupa kafiri tutakupita bila salamu. Nikamuuliza: kwani mulikuwa munasimama? Wakacheka. Sambusa yao nzuri.

Jioni Assia amemuleta Vainqueur. Mwembamba kama spoku ya baiskeli. Nikamuuliza, utaacha bia na nguruwe? "Papa Muzee, bia sijawahi kupata franga yake. Nguruwe nitaikumbuka kidogo." Anasema kweli huyu! Halafu akauliza bodi inanyooshwa namna gani. Nimemueleza: chuma nyuma, nyundo mbele, usianze katikati, anza pembeni, pole pole. Amesikiliza mupaka mwisho. Shakuru hajawahi kusikiliza mupaka mwisho.

Assia: basi, Babu? — Nitafikiri. Kesho mukuje tena.

Jumatatu, 19 Februari

Mama ya kijana, Irène, ametoka Gatumba na furushi ya vitenge kichwani. Ameingia bila hodi. Sauti! "Muzee, chunga binti yako! Maji ya muto Rusizi ilikamata nyumba yangu, kanisa ndiyo ilitupokea. Leo niwape Waislamu mutoto? Bantu ba kanisa nitabaambia nini?"

Nikasema kaa, mama, kula kwanza. Amekula. Nikasema sijaamua, rudi. Akaniangalia sana, akacheka: "We muzee haufikiri kitu. We unapenda wageni."

Muchokozi!

Jumatano, 21 Februari

Irène amerudi, na samaki. Tumebishana juu ya Nabii Issa mupaka adhana. Nimemushinda. Yeye anasema ameshinda.

Ijumaa, 23 Februari

Assia, bila chakula. Amebaki kusimama. "Babu, unatuchezea. Vainqueur anasema tuvuke Uvira, kwa Wakongomani, tuoane huko. Nimekataa. Sitaki kutoroka kama mwizi. Nataka ndiyo yako, mbele ya watu. Leo."

Nikasema, haraka ya nini? Mukuje kesho, tuongee.

"Ukituambia ndiyo, Babu, unazani hatutakuja tena?"

Ameenda. Vyombo nimeosha mwenyewe.

Jumapili, 25 Februari

Apana mutu.

Jumatatu, 26 Februari

Apana mutu. Nimeacha mulango wazi. Mbuzi ya jirani imeingia.

Alhamisi, 29 Februari

Musikitini, baada ya alasiri, shehe ameniweka pembeni. Shakuru pale pale, macho chini. Shehe anaongea kwa nguvu, pole pole, kama na mutoto mudogo: muzee, leo ni siku gani? Watoto wako wazima ni nani?

Mi Hamimu niulizwe siku! Nikamujibu: leo ni sikukuu ya punda, nenda umusalimie mama yake. Watu wakaangaliana. Nimerudi nyumbani kichwa juu.

Jumapili, 3 Machi

Waridi, mama ya Assia, amekuja akijificha. Ndiyo nimejua. Shakuru amewaambia akili ya muzee imeondoka: kila siku nitafikiri, nitafikiri, hakumbuki hata ameulizwa nini. Na ile jibu ya punda imemaliza yote. Asiye na akili si walii tena. Kazi inaenda kwa baba mudogo.

Ndoa ya Ilias ni Ijumaa hii. Simu ya Assia wameikamata, mulango wanafunga na ufunguo. Waridi anasema mutoto hali chakula.

Punda ni nani sasa?

Jumatano, 6 Machi

Nimevaa kanzu ya Idi, nimeenda kwa shehe. Nimesema: leo Jumatano, tarehe sita. Massoudi amekufa. Shakuru iko hai, bahati mbaya. Akili niko nayo, na neno langu ni hili: Vainqueur akisilimu, Assia ni wake. Nimesema! Mbele ya watu!

Shehe amesikiliza. Si mutu mubaya. Akasema, muzee, siku ingine mutu anaamuka vizuri, siku ingine apana, na Shakuru mutoto yako ameapa akili imeondoka. Lete mutu wa nje ya familia, amekaa na we hizi siku, si mara moja, aseme uko muzima.

Safari hii nimefikiri kweli. Wamama walikuja mara moja tu. Jirani zangu ni watu wa kunipungia mukono. Nimepita mulango kwa mulango ndani ya kichwa, avenue yote.

Alhamisi, 7 Machi. Gatumba

Nimepanda bus asubuhi. Naandika kwenye kiti ya plastiki, uani kwa Irène, tope mupaka kwenye viatu.

Nimemuambia yote. Aseme tu kile aliona: kwamba muzee huyu alibishana na yeye mupaka adhana na hakupoteza neno. Akisema, mutoto yake anakuwa Muislamu. Akinyamaza, anabaki naye, na kesho Assia anapelekwa kwa Ilias.

"Na unakuja kuniomba mi? Nimupeleke Vainqueur na mukono yangu?"

Ndiyo, mama.

Ameingia ndani. Vainqueur amesimama mulangoni, hata kumufuata mama yake hathubutu. Namusikia Irène anatembea, anaongea — na Mungu ao na mi, sijui.

Shehe atasema: mwanamuke, tena mukristo. Nitamujibu: basi nitafutie mwingine aliyenitembelea mara mbili. Na mutu akitaka kujua kama haya ni kweli, na kama Hamimu iko na akili, asiulize Buyenzi. Aulize Gatumba, Irène, mama ya Vainqueur, muuza vitenge. Yeye anajua.