Kitabu Alichokishika Kichwa Chini

Mbuke uko wapi?? Nimetoka kwa Alfonsi, yule mtengeneza majalada wa Kitaji.

Jalada la kitabu alichoandika mama ameliharibu. Ameliharibu!!

Unaikumbuka ile picha ya 1973, mama yuko darasa la kisomo cha watu wazima kwenye kijiji cha ujamaa kule Kiabakari? Anatazama kamera kwa maringo, kitabu kakishika kichwa chini. Kila anayeionaga lazima asimame, acheke, aulize ilikuwaje. Ndiyo maana tuliichagua!

Alfonsi amekigeuza kitabu kikakaa sawa. Kwa kompyuta!

Eti, "Dada, niliona kosa nikakurekebishia."

KOSA! Kitabu kizima kinasimulia alivyojifunza kusoma kuanzia siku ile, akiwa hajui hata a!

Nikamwambia rudisha. Ananijibu, "Nani atanunua kitabu cha mtu asiyejua kusoma?" Mbuke, nimemfokea mbele ya wateja wake wote.

Nimefika nyumbani, nikamwonyesha mama. Akavaa miwani, akaliangalia lile jalada weee, halafu akaniuliza taratibu:

"Huyu mwanamke anayejua kusoma ni nani?"