Maneno ya Marehemu Chini ya Picha ya Baba

Baba Dogo, Nairobi

Dada Mwende, kabla hujamsomea mama salamu zozote, msomee hili: baba yu mzima. Leo asubuhi nimeongea naye kwa simu ya karakana yao huko Mombasa, nikamsikia kwa masikio yangu.

Mama, sasa nakusalimu. Presha imetulia? Dawa unameza? Mimi mwili hauna neno, moyo ndio umechafuka.

Hapa kazini tunaonyesha vinyago kwenye intaneti, wazungu wavione kwa kompyuta wakiwa kwao. Picha zinapishana zenyewe, na chini yake kuna maneno: kuna ya Kiingereza, ya Kiswahili na ya Kijerumani. Mashine haijui picha ni ya nani. Picha ya kwanza inapewa maneno ya kwanza, ya pili ya pili, hivyo hivyo hadi mwisho.

Ya kwanza ilikuwa ya mzee Kilonzo, yule mchongaji aliyefariki mwaka jana. Mimi kwa majivuno yangu nikamtanguliza baba. Nikamwandikia Kiingereza na Kiswahili. Kijerumani sikijui, nikasema nitatafuta mtu, nikasahau. Basi kwa Wajerumani, chini ya uso wa baba yakakaa maneno ya marehemu Kilonzo, kwamba mchongaji huyu alifariki mwaka jana.

Mama mmoja wa huko Ujerumani, aliyewahi kununua twiga aliyechongwa na baba, akatuma barua ya rambirambi kwa Kiingereza. Karani wetu hakujua huyo ni babangu. Aliitia kwenye bahasha, akaituma kwa sanduku la posta la kanisa letu, ndiyo anwani ya baba iliyoko ofisini.

Nimegundua jana, karani aliponisimulia. Nimeomba ruhusa nije mwenyewe, mkubwa wangu akasema nirekebishe kwanza nilichoharibu. Ndiyo maana barua hii nampa Musyoka wa shangazi, ailete kwa basi lake. Nikimwaza mchungaji akikusomea ile ya rambirambi, naogopa sana. Kama imetangulia, Mama, nisamehe.

Baba nilimweleza yote. Kisha akauliza, "Na huyo mama, amesema kazi yangu ilikuwa nzuri?"

Nikamwambia barua yenyewe sikuiona.

Nisalimie nyanya, na shangazi mwambie Musyoka anaendesha vizuri. Na ile barua ikifika, Mama, usiichome. Mwekee baba, aisome mwenyewe akija Krismasi.

Mwanao aliyekukosea,
Mutua