Sifuri ya Mwezi wa Nane

Cimpunda, Bukavu, tarehe 5 mwezi wa tisa

Maman wangu,

Nakusalimia sana. Magoti inaendelea namna gani na ile mupando ya mulima? Na Merveille wangu, bado anakataa mboga? Umubusu ku shavu ya kushoto, ya kuume najua ni yako, koko wake.

Tangu antenne yenu ikufe, simu haipiti. Njo maana nampa Anaclet wa moto, mwenye kubeba watu na pikipiki, hii barua.

Kazi iko, aksanti Mungu. Ni ile nilikuambia: hospitali ndogo za milimani hazina kompyuta, zinalipa bureau yetu iwaandikie. Wanatutumia picha ya rapport, ripoti ya mwezi, ku telefone, miye naingiza hesabu, inaenda kwa wakubwa wa afya. Ya hospitali yenu ya mwezi wa nane haikufika, kwa sababu ya ile antenne. Nikauliza chef Constantin, mukubwa wetu. Akacheka: «Mama Merveille, ukiacha wazi, hospitali inakuwa rouge, nyekundu. Ikikuwa rouge, wanaikatia dawa. Chukua ya mwezi wa saba, weka, endelea.» Nikaweka. Wagonjwa wa kuhara: sifuri. Nilifurahi, maman. Nikasema angalau leo nimesaidia watu wa kwetu.

Hapa masasi ya bunduki ililia tena jana magaribi, nikalala chini ya kitanda. Afazali mutoto iko kwako.

Mutoto wako,
Mama Merveille


Mulimani, tarehe 11 mwezi wa tisa

Ornella mutoto wangu,

Amani iwe kwako. Siye tunapumua. Barua nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa chini.

Kolera iko huku. Watu wa kuchimba dhahabu wamejaa kule juu ya chemchem, wanajisaidia kando ya maji, na siye tunakunywa chini yao. Ku hospitali wagonjwa wanalala mpaka ku veranda. Serumu, ile maji ya kutia mu mushipa, imebakia kidogo. Infirmier Jean-Baptiste, muuguzi wetu, alituma mutu mujini kuomba ingine. Wakamujibu: «Rapport yenu inasema sifuri. Mungoje zamu.» Jirani yetu Amisa, mwenye amezika mutoto juzi, akasema: «Basi wangu arudi nyumbani, Bukavu imesema hakugonjwa.» Kuna wenye walicheka.

Sijaambia mutu nani aliandika.

Merveille iko muzima. Kuni imelowana, lakini maji nachemsha. Usikuje, barabara imejaa barrières za wenye bunduki. Lakini fanya kitu.

Koko wa Merveille


Cimpunda, vendredi tarehe 12

Maman,

Unisamehe, salamu itakuja nyuma.

Nilimupelekea chef barua yako. Akaisoma amesimama, akafunga mulango. «Rapport ikishaenda, imeenda. Ukisema tunaandika bila kuona, hospitali zote zitatukimbia. Utarudia kuuza makala ya kupikia.» Nikamwambia: chef, mutoto wangu iko kule. Akasema: «Basi umuombee.»

Kuna docteur Rosette kwa wakubwa wa afya, yeye njo anatuma dawa. Nikijisema mbele yake, kazi imekwisha, pengine watanifunga kabisa. Naogopa huyu docteur, naogopa chef, naogopa hata barua yako ya kesho. Lundi asubui, tarehe 15, nitaenda. Lundi, naapa.

Mutoto wako


Mulimani, samedi tarehe 13

Ornella,

Imeingia kwetu, imemushika Merveille. Sijui ni maji gani, nilichemsha yote. Anahara kama maji ya muchele. Analia, machozi haitoke. Namupa maji ya sukari na chumvi na kijiko, anatapika, namupa tena. Namubeba sasa ku hospitali.

Mama yako


Cimpunda, dimanche tarehe 14

Maman,

Sikungoja lundi. Nilimungoja docteur ku mulango ya kanisa, misa ya kwanza ikitoka. Nikamupa barua zako zote mbili. Akauliza, watu wakisikia: «Ni nani aliandika sifuri?» Nikasema, miye. «Uliona wapi kwamba hakuna mugonjwa?» Nikasema, sikuona pahali. Nilifikiri ataita polisi. Akavua viatu vyake vya visigino, akashuka mulima peku mpaka ku dépôt ya dawa, na miye nyuma, nakimbia.

Anaclet amepakia makartoni ya serumu mpaka ku shingo. Barua hii iko mu mufuko yake. Docteur anafuata kesho na watu wake. Chef ameshanifukuza kazi ku telefone.

Niandikie neno moja tu, maman. Kwamba Merveille iko.

Ornella


Cimpunda, mardi tarehe 16

Maman wangu,

Anaclet amerudi. Nikamunyooshea mukono, akanionyesha yake, mitupu, bila barua. Nikaanguka mu matope pale barabarani. Akapiga kelele: «Simama kwanza, Mama Merveille! Niache niseme!»

Anasema alikukuta ku veranda. Hakuna tena musumari ya kutundika chupa, basi umesimama. Mukono moja umeinua serumu juu, mwengine umeshika kamukono ka Merveille ili sindano isitoke. Akakupa kalamu. Ukamwambia: «Niishike na meno?» Nilicheka na kulia pamoja, watu wakasema huyu amerukwa na akili.

Nikamuuliza: amefungua macho? Hajui. Amekojoa? Hajui, yeye ni mutu wa moto. Aliona blanketi tu, na wewe.

Ninamurudisha kwako na sukari, sabuni na hii barua. Nimemwambia akusomee ku sikio, usigeuke hata kumutazama. Usinijibu, maman. Ile chupa usiiweke chini. Kila siku barua isipofika, nitajua ungali umemushika.

Mama Merveille